Jumamosi za Mapazia

Mwaka ule nyumba ya Wangila, kule Kawempe, ilisahau kulala. Hapakuwa na mgonjwa wala mtoto mchanga. Palikuwa na mtahiniwa wa darasa la saba, na aliyewahi kuishi naye jijini Kampala ataelewa bila kuongezewa neno. Asiyewahi, amshukuru Mungu wake, ale ashibe, ajifunike shuka.

Mtahiniwa mwenyewe aliitwa Nasimiyu, binti mwembamba mwenye macho makubwa, aliyezaliwa kiangazi na kupewa jina la kiangazi, kama desturi ya Wabukusu wa kwao baba yake, ng'ambo ya mpaka, Bungoma. Aliamshwa kabla ya adhana. Alikunywa uji amefumba macho, akavalishwa sweta, akapandishwa gari la shule kungali giza. Jioni kulikuwa na masomo ya jioni. Baada ya hayo kulikuwa na kazi ya nyumbani, na mama yake alizoea kumkuta amelalia daftari, hesabu zimemchapa shavuni kinyumenyume.

Mama huyo ni Phelister, Mjaluo wa Siaya, muuza mapazia ya mitumba katika soko la Owino. Yeye aliamka kabla ya binti ili achemshe maji, akalala baada yake ili afue soksi, na miezi ilivyosonga akaanza kuota akiwa amesimama. Aliota akikoroga uji. Aliota akingoja chenji. Na ndoto zenyewe zilikuwa za namba tu. Nne alikuwa bibi mdogo msafi mwenye viatu vyeupe, anapita kichochoroni bila kugusa tope na hasalimii mtu. Tisa alikuwa mlevi anayegonga kila mlango akidai ni kwao. Phelister alikuwa akishtuka uji umefurikia jikoni, mwiko mkononi, naye anamwambia Tisa kwa upole, "Umepotea nyumba, ndugu yangu."

Kwa wasiojua hesabu za huku, masomo ya mtihani ni manne, na kila somo hupewa alama kuanzia moja hadi tisa. Moja ndiyo bora, tisa ndiyo aibu. Zikishajumlishwa, aliyepata nne kafika kileleni, na mwenye thelathini na sita yuko shimoni. Kuanzia nne hadi kumi na mbili huitwa daraja la kwanza, na humo ndimo kila mzazi anamotaka mwanawe aingie, hata kwa kidole kimoja cha mguu.

Wangila alilitaka daraja hilo mpaka likamkosesha ladha ya chakula. Alikuwa fundi wa umeme katika nyumba za kupangisha za Naguru, mtu mpole, mrefu, mwenye bisibisi mfukoni hata siku ya kwenda kanisani. "Mimi niliishia darasa la nane," alikuwa akisema. "Nimebaki kupanda ngazi za watu kuwawashia taa. Mtoto wangu ataingia ndani ya nyumba kwa mlango, akae, awashiwe." Kwa hiyo alitaka Nasimiyu apelekwe bweni la shule, ambako watahiniwa waliamshwa usiku wa manane na kuogeshwa maji baridi. Phelister hakutaka. Walibishana kwa sauti ya chini, mmoja anapiga miayo, mwenzake anasubiri amalize.

Mwezi wa tano, kabla usajili wa mtihani haujafungwa, shule iliwaita wazazi. Ilikuwa shule ya binafsi yenye ukuta wa rangi ya waridi, maarufu kwa kubandika getini picha za watoto waliopata nne. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mabati ya ukumbi, mvua ile ya alasiri inayokuja polepole na kukaa, ikambembeleza Phelister mpaka maneno ya wenzake yakaanza kumfikia kwa mbali, kana kwamba wote wamekaa chini ya maji.

Baba mmoja alisema watoto wa siku hizi ni walegevu. Mama mmoja wa safu ya nyuma akasimama akasema mwanawe ameanza kukojoa kitandani, kijana mzima mwenye ndevu zinazochungulia. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu wengi nao walikuwa na shuka za namna hiyo kwenye kamba.

"Kwani hiyo nne ni ya nani?" aliuliza mama yule. "Ni ya mtoto ama ni ya geti?"

Hapo akasimama Rukiah. Huyu alikuwa jirani yao wa mlango kwa mlango, Mnubi, mke wa Nasur dereva wa lori la Juba, na mwanawe Kamis alisoma darasa moja na Nasimiyu. Alijitanda nguo ya njano, akaongea taratibu, na hakuna aliyemkatiza.

"Nyabo, mama yangu, bila daraja ya kwanza mtoto anaenda wapi? Shule kubwa yote inaangalia namba. Mimi Kamis yangu saa kumi iko macho. Akisinzia namwagia maji. Analia, kweli, lakini anaamka. Kulia si ugonjwa."

Wengine wakapiga makofi. Wangila naye akapiga. Ndipo mwalimu Odur, msimamizi wa watahiniwa, alipofungua mdomo, naye alikuwa mtu wa Lira aliyejifunzia Kiswahili chake katika kambi ya jeshi alikokulia.

"Wazazi, iko watoto ingine nalala kwa mtihani. Mimi nasimama karibu yake, nasikia nakoroma. Mtoto kama hiyo itaharibu jina ya shule. Kama haingii bweni, sisi taandikisha yeye kwa shule ingine kule, afanyie mtihani huko." Akatazama huku na huku, macho yakatua. "Mama ya Nasimiyu. Mama ya Nasimiyu! Hata wewe unalala?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Phelister akaruka wima, mate yakiwa pembeni mwa mdomo, na alichosema kilimshangaza hata yeye. "Hatalala tena, mwalimu. Nipe mpaka jaribio la mwisho wa mwezi. Akilala, mpeleke unakotaka."

Njia nzima Wangila alitangulia mbele. Walipofika kizingitini alisema, "Kama ni kushindwa, Mama Nasi, asishindwe kwa sababu yako." Hakusema kwa ubaya. Lakini neno lile lilimwingia Phelister, likakaa mahali ambapo angelikuta kila siku.

Jumamosi ile kulikuwa na masomo kama siku nyingine. Gari la shule halikuja Jumamosi, hivyo Phelister alimsindikiza binti kwa miguu kabla ya kupanda teksi ya kwenda sokoni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya bonde la Kawempe, bodaboda zinatokea na kupotea humo zikiwa na taa za manjano. Walitembea wameshikana mikono. Geti la waridi likatokea, likapita. Hakuna hata mmoja aliyesimama. Mpaka leo Phelister hajui kama aliamua au miguu iliamua. Anachokumbuka ni kwamba mtoto alimtazama, akaona mama hasemi kitu, akauegemeza uso wake kwenye mkono wa mama na kuendelea kutembea.

Owino asubuhi, ndani kabisa mahali pa mapazia, hapafanani na soko mnalolijua. Kelele za viatu na za mashati hubaki huko nje. Vichochoro ni vyembamba, paa la turubai limeshuka, na kila upande yananing'inia mapazia ya watu wa nchi baridi: ya hariri, ya lesi, ya maua yaliyopauka, mengine bado yananukia kabati la mtu usiyemjua. Upepo ukiingia yote huvuta pumzi pamoja. Phelister alifungua robota la lesi, akalitandaza nyuma ya kibanda, na Nasimiyu akaingia humo na viatu vyake. Alilala kabla ya kichwa kugusa chini.

Alilala mpaka mchana, akala chapati na yai akiwa nusu macho, akalala tena. Wateja walikuja, Phelister akawawekea kidole mdomoni. Ajabu ni kwamba walitii. Wanawake wa Owino, ambao hawajawahi kumnong'oneza hata padri, walipatana bei kwa minong'ono, wakapita kwa ncha za vidole. "Mtoto bambi," walisema, yaani masikini ya Mungu. Jirani yake wa kibanda, Lailah muuza vitambaa vya meza, alizima redio yake bila kuombwa.

Jumatatu Odur alipiga simu kuuliza mtoto alikuwa wapi Jumamosi. Phelister alikuwa amesimama mbele ya jiko, anaota kidogo, na jibu likatoka lenyewe. "Mwalimu, tumekuwa Wasabato."

Odur alikuwa hamwogopi mzazi, lakini dini za watu alizipitia mbali. "Wasabato," alisema. "Kale, sawa. Kama ni mambo ya Mungu, mimi iko kimya."

Ndivyo Nasimiyu alivyopata Jumamosi zake. Katika jaribio la mwisho wa mwezi hakusinzia, akasajiliwa pale pale shuleni pamoja na wenzake. Kamis aliingia bweni, na Rukiah alikuwa akisimulia habari zake kwenye kamba ya nguo: Kamis kapata tano, Kamis kapata nne. Phelister aliitikia hongera. Lakini kila Jumamosi, akimfunika binti yake kwa lesi, alijiuliza wenzake wanafundishwa nini saa ile, na kama ni kile kitakachoulizwa. Hakumwambia mumewe. Wangila alikuwa Naguru siku hizo, juu ya ngazi za watu.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, joto likiwa limejaa chini ya turubai, usingizi ulimchukua Phelister mwenyewe. Aliota Nne ameingia kibandani, amevua viatu vyake vyeupe, ameomba maji ya kunywa. Alipoamka, pazia lake kubwa la kijani, lile la bei, halikuwapo kwenye msumari. Kisha akaona noti zimekunjwa zimewekwa chini ya kandambili yake, na Lailah wa jirani ameinamia vitambaa vyake kama mtu asiyejua lolote. "Ni nani aliyenunua?" Phelister aliuliza. Lailah akasema wateja wako wengi, nani awashike sura. Phelister akaamua kwamba Nne amelipa, akacheka peke yake. Ni kipindi hicho hicho Wangila alipoacha kutaja bweni, naye akadhani mume amechoka kubishana.

Mwezi wa kumi aliwasili mama yake Wangila, bibi Nabangala, kwa basi la kutoka Chwele, na kuku mwekundu kwapani. Alikuwa Mkristo wa Kikwekari wa miaka mingi, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alimweka kuku nyuma ya kochi, akatangaza, "Huyu ni wa siku ya namba. Mtu asimguse." Kuku akatulia, akaanza kutaga humo humo. Nasimiyu alikuwa akiingiza mkono nyuma ya kochi alfajiri, akapata yai la moto, akalishika kidogo kabla ya kwenda shule.

Wiki ya mwisho shule iliita pasta na shehe waje kuziombea kalamu. Ndiyo desturi, watoto walipanga mezani kalamu zao, rula zao na vikebe vyao vya bikari, wazazi wakasimama nyuma yao wamewashika mabega. Pasta aliomba, shehe akaomba. Bibi Nabangala akaona wote wameomba kwa ubahili. Akapaza sauti yake.

"Wele, Mungu wa baba zetu! Huyu mtoto mpe namba kubwa! Mpe kubwa kupita wote hapa! Mpe thelathini, mpe arobaini, usimnyime!"

Watahiniwa wakageuka. Rukiah alijifunika mdomo kwa nguo yake. Odur akamjia bibi kwa heshima zote, akainama. "Mama mzee, hapa sisi nataka namba kidogo. Nne ndiyo mzuri."

Bibi alimtazama kwa huruma. Kule kwao mtihani ulikuwa ukihesabiwa kwa mamia; aliyeleta nyingi alibebwa mabegani, aliyeleta chache aliingilia mlango wa nyuma. Njiani alimwambia Phelister, "Huyo mwalimu ana roho nzuri. Wote husema hivyo kwa wazazi wa watoto wasioweza. Sisi wetu ataweza." Wangila alijaribu kumweleza mara mbili, kwa vijiti vya kiberiti vilivyopangwa mezani. Bibi akavikusanya vile vijiti, akavirudisha kwenye kiberiti, akamwambia asipoteze vitu vya watu.

Mtihani ukaja, ukapita. Krismasi ikapita. Mwezi wa kwanza jua likakausha matope ya Kawempe, kiangazi chenyewe kikaja kwa mwenye jina lake, na mchana mmoja simu ya Wangila ikalia mfukoni karibu na bisibisi.

Alisoma ujumbe akiwa amesimama. Kisha akakaa. Kiingereza tatu, Hesabu nne, Sayansi tatu, Maarifa ya Jamii tatu.

"Kumi na tatu," alisema. "Moja tu. Imezidi moja tu."

Nasimiyu aliyekuwa akichambua mchele alisimama, akaingia chumbani, akarudisha mlango bila kuufunga. Phelister hakulia. Alikuwa ameijua ile moja mara ilipotajwa. Ilikuwa moja ya lesi, ya chapati na yai, ya kidole mdomoni. Ni yangu, alisema moyoni. Mtoto angefika, mimi nikamlaza. Na lile neno la mumewe la pale kizingitini likainuka lilikokuwa limekaa tangu mwezi wa tano, likamtazama.

"Ngapi?" aliuliza bibi Nabangala kutoka uani.

"Kumi na tatu, mama."

Kigelegele kilichotoka kiliamsha mbwa wa mtaa mzima. Bibi aliingia akicheza kwa mabega, akamtoa mjukuu chumbani, akamzungusha, akamtemea mate ya baraka kifuani, akaimba jina lake na la kiangazi kilichomleta. Nasimiyu alisimama katikati ya ngoma ile ya mtu mmoja, machozi usoni, na kona ya mdomo ikaanza kumtoroka. Wangila akafumbua mdomo kusahihisha, akaufumba.

"Na wa jirani? Yule aliyekuwa anamwagiwa maji?"

"Saba," alisema Phelister. Alikuwa amesikia kwenye kamba.

Bibi akaacha kucheza. "Saba tu? Wele wangu! Na vile mama yake alivyohangaika." Akafungua leso kichwani akaifunga kiunoni, kama afanyavyo mwanamke wa kwao aendapo kwenye matanga. Akavua viatu. Akainama nyuma ya kochi, akatoka na kuku mwekundu. "Sisi tumeshafurahi. Huyu ni wao sasa. Watamchinja wenyewe kwa dini yao."

"Mama, usiende," alisema Phelister. "Watafikiri tunawacheka." Lakini bibi alikuwa ameshavuka kichochoro, miguu mitupu, kuku anatazama nyuma.

Phelister alimkimbilia, aibu ikimchoma masikioni. Aliiona picha yote mapema: Rukiah wa tano na nne, Rukiah wa makofi ya ukumbini, akiletewa pole na watu wa kumi na tatu. Wangetukanana mpaka watoto wao waje wasahau sababu.

Mlango wa Rukiah ulikuwa umerudishwa. Ilikuwa saa yake ya kahawa, kahawa yake ya tangawizi inayojulikana mtaa mzima kwa harufu, na harufu haikuwapo. Ndani palikuwa na kivuli. Vifuniko vyake vya chakula vya kusuka, vya rangi zote, vilikuwa ukutani, na chini yake kwenye mkeka alikaa Nasur, ametoka safari, amegeukia ukuta. Mlango wa chumba cha Kamis ulikuwa umefungwa. Mbele yake palikuwa na sahani ya chakula, imefunikwa, imepoa.

Bibi Nabangala hakubisha hodi. Aliketi sakafuni, miguu ameinyoosha, kuku mapajani.

"Poleni," alisema. "Poleni sana kwa yaliyowafika."

Phelister alifika kizingitini akihema. "Mama Kamis, nisamehe, mama hapa hajui—"

Rukiah aliinua mkono kumnyamazisha. Alikuwa amevaa ile nguo ya njano, imekunjamana, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hakulala mwaka mzima. Akamgeukia bibi.

"Umejuaje, mama?" alisema. "Tangu asubuhi watu wananipigia simu, hongera, hongera. Hakuna hata mmoja amekuja kunipa pole." Akaizungusha ncha ya nguo kidoleni. "Baba yake alitaka nne. Amesafiri kutoka Juba kwa sababu ya hiyo nne. Tangu simu imelia hajamwangalia mtoto. Na mtoto hajatoka humo ndani. Nagonga, anasema, mama, usinimwagie maji, nimeamka."

Akaangua kilio. Hakikuwa kilio cha adabu. Alijilaza kwenye bega la bibi wa Kibukusu ambaye hawakuwahi kusalimiana zaidi ya mara kumi, na bibi akampapasa mgongo kama anavyopapaswa mtoto aliyepaliwa.

"Saba ni kidogo," bibi alisema, kwa sababu hakuzoea kudanganya waliofiwa. "Ni kidogo kweli. Lakini mtoto mwenyewe ni mzima?"

"Ni mzima."

"Anakula?"

"Hali."

"Basi muchinje huyu, akule. Hiyo namba sitaki kuisikia tena."

Nasur aligeuka. Alikuwa mtu mkubwa, na kugeuka kwake kulichukua muda. Alimtazama bibi, akamtazama kuku, na Phelister akaona uso ule ukitafuta hasira na kuikosa. Aliinuka. Akamchukua kuku mwekundu kwa miguu yake, akaisogeza ile sahani kwa kidole cha mguu, akasimama mbele ya mlango wa mwanawe. Alikohoa.

"Kamis," alisema. "Njoo nje. Nataka mtu wa kunishikia kuku."

Kisha kitasa kikalia.

Phelister alirudi nyuma, akatoka. Wangila alikuwa kichochoroni, amemfuata mama yake ili amrudishe, na amesikia yote. Jua la kiangazi lilikuwa limepiga nguo za kwenye kamba, zikawa nyeupe hata huwezi kuzitazama. Walisimama kati ya shuka mbili za jirani, na pale, mahali pasipo na mtu, Phelister akaona akichelewa hatasema kamwe.

"Baba Nasi. Ile moja ni yangu. Jumamosi zote zile hakwenda shule. Nilikuwa namlaza Owino. Niliwadanganya walimu kwamba sisi ni Wasabato."

Wangila aliitoa bisibisi mfukoni, akaizungusha vidoleni, akairudisha.

"Odur alinikuta Naguru mwezi wa saba," alisema. "Akanishika mkono, akaniita ndugu yangu Msabato, akaniuliza mbona napanda ngazi siku ya Sabato. Nikashuka ngazi, nikaja Owino mchana ule ule. Nilikuja kugombana, Mama Nasi. Nilikuwa nimeyapanga maneno."

"Hukuja."

"Nilikuja. Mlikuwa mmelala wote wawili. Yeye amefungua mdomo, vile alivyokuwa akilala siku zile hajaota meno. Nikamwangalia mpaka maneno yakanipotea. Akatokea mteja mwenye sauti kubwa, anataka pazia la kijani." Akatazama chini, kama fundi aliyeulizwa kazi yake. "Nikampa haraka aondoke, asiwaamshe. Lailah aliniambia nimeuza rahisi sana."

Phelister alimtazama mumewe. Alitaka kucheka, na machozi yakatangulia.

Kule ndani kwa Rukiah kuku alipiga kelele moja, kisha sauti ya Nasur ikasikika ikitaja jina la Mungu. Wangila akamshika mkewe mkono. Walipofika kwao Nasimiyu alikuwa amelala kwenye kochi, mchana kweupe, mkono mmoja umening'inia nyuma mahali pa mayai. Wangila alivua viatu mlangoni, akaenda dirishani kwa ncha za vidole, akavuta pazia.